Maumivu sugu ya mgongo: Kwa nini kazi ngumu si mazoezi, na dawa kali si tiba

Katika mtaa wa Kamwokya, kaskazini mwa kitovu cha jiji la Kampala nchini Uganda, wengi hutafuta riziki kwa mgongo. Wapo wanaoshusha magunia ya viazi na mikungu ya ndizi sokoni alfajiri, wapo madobi wanaoinamia mabeseni hadi adhuhuri, wapo wachuuzi wanaoketi juu ya vigoda kutwa nzima, na wapo waendesha bodaboda wanaoingia na kutoka Barabara ya Kira wakirushwarushwa na mashimo ya vichochoro vya bondeni.

Mgongo unapowauma, kituo cha kwanza kwa wengi ni duka la dawa. Mgonjwa hununua vidonge vya kumvusha siku moja, na kesho yake hurudi. Miezi ikipita na vidonge vya kawaida vikionekana kuishiwa nguvu, baadhi yao hugeukia dawa kali za jamii ya opioidi, yaani jamii ya mofini na tramadoli, ambazo zinaweza kumfanya mtumiaji kuwa mraibu.

Ni rahisi kumlaumu mtu wa namna hiyo, lakini hesabu yake inaeleweka. Anayelipia pikipiki kwa mkopo hawezi kulala nyumbani siku tatu akisubiri mgongo upoe, na kidonge humpa siku moja ya kazi kwa bei ndogo. Shida ni kwamba siku hizo zinapojumlishwa kuwa mwaka, kidonge kikali hakitoi kile kinachotarajiwa. Tiba zilizothibitishwa kusaidia zipo, na nyingi hazina gharama kubwa ya fedha. Gharama yake ni muda na subira, vitu ambavyo kibarua wa kutwa hana kwa wingi.

Maumivu sugu ni yapi?

Madaktari huyaita maumivu kuwa sugu yanapodumu zaidi ya miezi mitatu. Kwa mujibu wa takwimu zinazotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, sawa na mtu mmoja kati ya kila 13 duniani, na idadi hiyo inakadiriwa kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu wengi zaidi ya hao waishi na ulemavu wa namna moja au nyingine.

Katika takriban visa tisa kati ya kumi, hakuna ugonjwa mahususi unaoweza kuonyeshwa kuwa ndio chanzo. Hilo huwaudhi wagonjwa, ambao hudhani wanaambiwa kwamba maumivu yao ni ya kubuni. Sivyo. Mwili una mfumo wa neva unaotahadharisha kuhusu hatari, na mfumo huo unaweza kuendelea kutoa tahadhari muda mrefu baada ya jeraha la awali kupona. Ni kama mbwa wa mlinzi aliyewahi kuvamiwa usiku mmoja: tangu hapo hubweka hata wenye nyumba wanapoingia. Kubweka ni kwa kweli kabisa, ila mwizi hayupo.

Ndiyo maana picha ya MRI, ambayo wagonjwa wengi huitamani na kuuza hata mifugo ili kuilipia, mara nyingi haina jibu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yakihusisha watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, yalikuta dalili za kuchakaa kwa diski za uti wa mgongo kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa maneno mengine, mabadiliko hayo huja na umri kama mvi zinavyokuja. Mtu anayeambiwa kwamba diski yake "imechakaa" anaweza kuanza kuuogopa mgongo wake bila sababu, na hofu hiyo, kama inavyoelezwa baadaye, ni sehemu ya ugonjwa.

Wakati mgongo unapohitaji daktari haraka

Kabla ya kuzungumzia tiba yoyote ya nyumbani, zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri. Kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, ganzi katika sehemu za siri na mapaja ya ndani, miguu kuishiwa nguvu, homa, kupungua uzito bila sababu, kutokwa jasho usiku, maumivu yaliyoanza baada ya ajali au kuanguka, na maumivu kwa mtu aliyewahi kuugua saratani: yote haya yanahitaji uchunguzi wa hospitali.

Nchini Uganda orodha hiyo ina uzito wa pekee. Nchi hiyo imo miongoni mwa 30 ambazo WHO inaziorodhesha kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na vimelea vya ugonjwa huo huweza kushambulia pingili za uti wa mgongo, hata kwa mtu asiyekohoa. Anayeishi na virusi vya Ukimwi yumo katika hatari kubwa zaidi. Ugonjwa wa brusela, unaoambukizwa kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, nao huleta homa na maumivu ya mgongo. Magonjwa haya yana dawa zake, na kuyatuliza kwa vidonge vya maumivu ni kuyapa nafasi ya kuharibu mifupa kimyakimya.

Opioidi zinafanya nini, na hazifanyi nini?

Mwaka 2018, watafiti wa hospitali za maveterani katika jimbo la Minnesota nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililochukua miezi 12. Wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti waligawanywa mara mbili: nusu walipewa dawa za opioidi, nusu wakapewa dawa za kawaida. Baada ya mwaka, makundi hayo mawili hayakutofautiana katika uwezo wa kufanya shughuli za kila siku. Kuhusu ukali wa maumivu, waliotumia dawa za kawaida walikuwa na nafuu kidogo zaidi, na hawakupata madhara mengi kama wenzao.

Jaribio jingine, lililofanyika Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2023, liliwahusu watu 347 waliokuwa na maumivu mapya ya mgongo au shingo. Waliopewa opioidi hawakupona vizuri kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani yake. Desemba mwaka huohuo WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu tiba ya maumivu sugu ya mgongo bila upasuaji, na opioidi zikawekwa katika orodha ya tiba zisizopendekezwa.

Sababu moja ni kwamba mwili huzoea. Dozi iliyotosha mwezi wa kwanza haitoshi mwezi wa nne, na kwa baadhi ya watumiaji neva huwa nyepesi zaidi kuhisi maumivu kuliko mwanzo. Kuna pia usingizi, kufunga choo, kizunguzungu, na, dozi ikizidi, kupumua kunakopungua hadi kusimama. Tramadoli huweza kuleta degedege. Kwa mwendesha bodaboda anayebeba abiria katika msongamano wa Kampala, usingizi pekee unatosha kuwa hatari, na anayechanganya dawa hiyo na waragi anaongeza hatari ya kuacha kupumua akiwa usingizini.

Hata hivyo, Uganda ina sababu ya kulizungumzia jambo hili kwa uangalifu. Ni nchi iliyojijengea jina barani Afrika kwa kuwafikishia mofini wanaoihitaji kweli. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman na lenye makao yake Makindye jijini Kampala, lilieneza matumizi ya mofini ya maji, ambayo hutengenezwa kwa gharama ndogo kutokana na unga wa mofini. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika kwa wagonjwa, jambo lililokuwa geni duniani. Dawa hiyo hutolewa bila malipo.

Mofini hiyo ni ya saratani iliyoenea, ya mgonjwa anayekaribia mwisho wa maisha, ya maumivu makali baada ya upasuaji. Tume ya jarida la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1 tu. Kwa hiyo kusema opioidi hazifai kwa mgongo wa dobi hakumaanishi kwamba mgonjwa wa saratani anyimwe. Madaktari wa tiba shufaa huogopa mkanganyiko huo, na hofu yao ina msingi: serikali zinapokaza sheria kwa papara, wanaoumia kwanza ni wagonjwa mahututi.

Nchi inayosogea kuliko zote, na bado migongo inauma

Ushauri mmojawapo katika mwongozo wa WHO, na katika karibu miongozo yote ya karibuni, ni mazoezi. Mkazi wa Kamwokya anaweza kuusikia na kucheka. Mazoezi gani tena kwa mtu aliyebeba maji tangu alfajiri?

Swali hilo ni la haki. Septemba 2018, watafiti wa WHO walichapisha ulinganisho wa nchi 168 kuhusu kiwango cha watu kujishughulisha kimwili. Uganda iliibuka ya kwanza kwa uchache wa wasiojishughulisha: asilimia 5.5 tu ya watu wazima, ikilinganishwa na asilimia 67 nchini Kuwait. Kama kusogea kwa namna yoyote kungetosha, Waganda wasingekuwa na msamiati wa maumivu ya mgongo. Wanao: "omugongo gunnuma", mgongo unaniuma, ni sentensi ambayo mgeni wa Kiganda huisikia mapema.

Maelezo yanapatikana katika jambo ambalo watafiti wa Denmark, akiwamo Andreas Holtermann, wameliita kitendawili cha shughuli za mwili. Kazi nzito na mazoezi hutumia misuli ileile, lakini haviuathiri mwili kwa namna moja. Anayefanya mazoezi huamua mwenyewe uzito, kasi na wakati wa kupumzika, hubadilisha mikao, na huacha anapochoka, kisha misuli hupata saa nyingi za kujijenga upya. Kibarua sokoni haamui lolote kati ya hayo. Lori likifika, gunia ni lilelile hata kama jana alilala vibaya.

Tofauti ya uzito nayo haistahili kupuuzwa. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hutumia kilo 23 kama kikomo cha kuanzia katika kukokotoa mzigo salama wa kuinua kwa mikono, tena katika mazingira bora kabisa: mzigo ukiwa karibu na mwili, bila kujipinda, na bila kurudia mara nyingi. Dumu la lita 20 za maji, ambalo mtoto wa shule hutumwa kulileta, lina kilo 20. Gunia la viazi linalopandishwa begani sokoni huweza kupita kilo 100.

Upande wa pili wapo wanaokaa. Mwendesha bodaboda husafiri kilomita nyingi, lakini kiuno chake hakitembei. Huketi mkao mmoja kwa saa kadhaa, huku mtikisiko wa injini na mashimo ukipanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Mtikisiko wa namna hiyo umejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa visababishi vya maumivu kwa madereva wa malori na matrekta, na hakuna sababu ya kudhani pikipiki ina huruma zaidi.

Kwa hiyo mgongo wa Kamwokya hauhitaji kuchoshwa zaidi. Unahitaji kiasi kidogo cha harakati ambacho mwenyewe amekipanga, kinachoongezwa polepole, ili misuli na neva zijifunze upya kwamba kuinama na kuinuka si hatari.

Mazoezi yapi, na kwa kiasi gani?

Mapitio makubwa ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2021, yaliyojumlisha majaribio 249, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza maumivu sugu ya mgongo yakilinganishwa na kutofanya lolote. Nafuu yenyewe ni ya wastani na si muujiza. Hakuna aina moja iliyoshinda nyingine zote kwa wazi, na hilo ni habari njema kwa asiye na vifaa: zoezi linalofaa zaidi huwa lile ambalo mtu ataendelea nalo.

Mengi hufanyika juu ya mkeka. Mtu hulala chali, hukunja magoti nyayo zikiwa sakafuni, kisha huinua makalio polepole hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, hushikilia kwa pumzi mbili tatu na kushusha. Zoezi la pili hufanywa kwa magoti na viganja, kama mtoto anayetambaa: mkono wa kulia hunyooshwa mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha hubadilishana. La tatu ni kuketi juu ya kigoda na kusimama bila kushika kitu, mara kumi. Haya matatu hayamalizi robo saa. Chumba kimoja cha kupanga kinatosha. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa marufuku ya kutoka nje kwa sababu ya virusi vya corona, Rais Yoweri Museveni alijirekodi akikimbia na kupiga pushapu ndani ya ofisi yake ili kuwaonyesha Waganda kwamba uwanja si lazima, ingawa ni kweli kwamba ofisi ya rais ina nafasi kuliko vyumba vingi vya Kamwokya.

Kosa la kawaida ni kuanza kwa pupa siku ambayo mgongo umetulia, kisha kulala siku mbili. Wataalamu wa tiba ya viungo hushauri kinyume chake: kiasi cha kuanzia kiwe kile ambacho mtu angekiweza hata siku mbaya, na kiongezwe kidogokidogo kila wiki. Maumivu kupanda kiasi wakati wa zoezi hayamaanishi jeraha, mradi yanarudi kiwango chake kufikia kesho yake. Yakibaki juu, kiasi kinapunguzwa, lakini zoezi haliachwi.

Kutembea nako kumepata ushahidi mzito. Jaribio la Chuo Kikuu cha Macquarie nchini Australia, lililochapishwa mwaka 2024, liliwafuatilia watu 701 waliokuwa wamepona hivi karibuni. Waliowekewa mpango wa kutembea, wakiongeza hadi nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa kwa kawaida siku 208 kabla maumivu hayajarudi, ilhali wasiopewa mpango huo walikaa siku 112. Kwa anayeuza mboga kwa kutembeza hilo halina jipya. Kwa mwendesha bodaboda lina maana kubwa: kuegesha pikipiki kijiweni na kutembea dakika kumi kila baada ya saa mbili hakumgharimu mafuta.

Je, kupumzika kitandani kunasaidia? Utafiti wa Helsinki, Finland, wa mwaka 1995 uliwalinganisha wafanyakazi 186 wa jiji waliopatwa na maumivu ya ghafla. Walioendelea na shughuli zao za kawaida kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko walioamriwa kulala siku mbili. Na ule ushauri wa kulala sakafuni au juu ya mbao? Watafiti wa Hispania waliwagawia watu 313 magodoro magumu na ya ugumu wa wastani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yaliwapa ushindi wenye magodoro ya wastani.

Vidonge vya kawaida, dawa za kupaka na mikanda

Dawa zisizo za kulevya zina nafasi yake, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu kwa kiasi, na WHO inazikubali. Zinafaa kwa siku chache za mgongo kuchachamaa, kwa dozi ndogo inayotosha, baada ya kula. Zikitumiwa kila siku kwa miezi huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, na mjamzito, asizitumie bila ushauri wa daktari. Sindano ya diklofenaki, inayopendwa kwa imani kwamba sindano ina nguvu, ni dawa ileile yenye madhara yaleyale.

Parasetamoli ina usalama zaidi, lakini jaribio la Australia la mwaka 2014 lililohusisha watu 1,652 wenye maumivu mapya ya mgongo halikuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa.

Dawa ya kupaka yenye kiini cha pilipili imo katika orodha ya WHO ya tiba zinazoweza kutumika. Hiyo ni dawa iliyopimwa ya dukani. Kusugua pilipili mbichi kwenye ngozi huleta malengelenge. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa hutoa nafuu ya muda na haidhuru. Kuchua misuli nako kunakubaliwa, na vilevile kunyoosha mgongo kwa mikono kunakofanywa na aliyesomea. Anayekanyagwa mgongo au kuvunjwavunjwa viungo na mtu asiyejua kama ana kifua kikuu cha mifupa anacheza kamari na miguu yake.

Mikanda ya kiuno, inayouzwa kwa wingi mitaani, haipendekezwi. Vivyo hivyo mashine za kuvuta uti wa mgongo, na za kupitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye ngozi, ambazo baadhi ya kliniki hutoza kwa kila kikao. Mgonjwa mwenye fedha za vikao vitano angezitumia vyema zaidi kumlipa mtaalamu wa tiba ya viungo amfundishe mazoezi mara mbili, kisha aendelee mwenyewe.

Hofu, usingizi na mzigo wa mawazo

Anayeogopa kwamba kuinama kutamvunja huacha kuinama. Misuli hunyong'onyea, usingizi hupotea, kazi hupungua, madeni huongezeka, na neva huzidi kuwa macho. Mzunguko huo ndio unaoifanya WHO kuyaweka matibabu ya kisaikolojia, hasa yale yanayomsaidia mtu kubadili fikra na mazoea, miongoni mwa tiba inazopendekeza.

Kwa Kampala, ushauri huo unaweza kuonekana wa watu wa kwingine, kwa kuwa wanasaikolojia ni wachache. Lakini Uganda ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wenyeji wasio na ujuzi wowote wa awali wa afya ya akili walifundishwa kwa wiki mbili kuongoza vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye sonona. Vikundi hivyo vilikutana kwa wiki 16, na matokeo yaliyochapishwa mwaka uliofuata yalionyesha kwamba sonona ilipungua sana. Jaribio hilo halikuhusu mgongo. Lilithibitisha tu kwamba tiba ya mazungumzo haihitaji kusubiri wataalamu wengi, na kwamba kikundi cha jirani, kiwe cha kuweka akiba au cha kijiwe cha bodaboda, kinaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Mlango upo, saa haipo

Hospitali ya taifa ya rufaa ya Mulago, yenye idara ya tiba ya viungo na chuo jirani kinachofundisha taaluma hiyo, iko mwendo wa miguu kutoka Kamwokya. Ada katika huduma za kawaida za vituo vya umma zilifutwa mwaka 2001. Pamoja na hayo, wataalamu wa tiba ya viungo hupatikana zaidi katika ngazi ya hospitali kuliko katika vituo vidogo vya mitaani, na Uganda haina bima ya afya ya taifa. Mswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukuwa sheria.

Kizuizi kikubwa zaidi ni foleni. Asubuhi nzima hospitalini ni asubuhi nzima bila abiria, na duka la dawa halina foleni. Kisheria maduka hayo, tofauti na famasia, yameruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, na tramadoli haimo. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ndiyo inayosimamia leseni.

Anayeamua kutoa asubuhi hiyo moja anaweza kuifaidi zaidi akijua la kuomba: achunguzwe dalili za hatari zilizotajwa, afundishwe mazoezi matatu au manne yanayoendana na kazi yake, aonyeshwe namna ya kugawa mizigo, na apewe tarehe moja ya kurudi. Dumu moja la lita 20 linaweza kuwa mawili ya lita 10, moja kila mkono. Beseni la dobi linaweza kupandishwa juu ya meza au matofali hadi usawa wa kiuno.

Kwa wale ambao tayari humeza tramadoli kila siku, ushauri ni tofauti kidogo. Kuiacha ghafla huleta jasho, kuharisha, kukosa usingizi, wasiwasi na maumivu ya mwili mzima, na wengi hudhani ni mgongo uleule unaorudi kwa hasira, wakaimeza tena. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari, kwa wiki kadhaa na wakati mwingine miezi, huku mazoezi yakianzishwa tangu wiki ya kwanza. Mgonjwa anapaswa kumweleza daktari idadi halisi ya vidonge anavyomeza kwa siku, hata kama alivinunua bila cheti, kwa sababu hesabu ya kupunguza huanzia hapo.